Gari la Kale Likataapo Kuwaka Likiwa Moto

Miongoni mwa mizozo isiyokwisha baina ya wapenzi wa magari ya mbio ya miaka ya 1970 na 1980, upo ule wa gari ambalo asubuhi, injini ikiwa baridi, huwaka kwa ufunguo mmoja tu, likaenda safari yake bila ya kasoro, kisha likizimwa kwa nusu saa mbele ya duka hukataa katakata kuwaka tena, stata ikazunguka hata betri ikachoka. Na baada ya kuachwa saa tatu au nne likapoa, huwaka kana kwamba halikutenda kosa lolote. Mwenye gari hutafuta shauri, na mashauri hayana uhaba. Mmoja humwambia kuwa petroli ya zama hizi haifai. Wa pili humwambia anunue pampu mpya. Wa tatu huapa kuwa ni stata. Wa nne humsihi ang'oe mfumo wote atie kabureta apumzike. Kila mmoja wao ana shahidi wake, yaani gari moja lililotengemaa kwa dawa hiyo, na ushahidi huo aghalabu ni wa kweli. Ndiyo maana ikhtilafu haikomi: watu wanazungumza juu ya kasoro zilizo mbalimbali wakidhani ni moja, kwa sababu zote hujidhihirisha kwa dalili ile ile ya gari lililo moto kukataa kuwaka.

Mfumo na tabia yake

Madhali magari ya namna hii ni mengi na kila moja lina mambo yake, ni heri mjadala ufungwe kwa gari moja linalojulikana vizuri, nalo ni Porsche 911, hususan ile iitwayo 911 SC iliyoundwa Stuttgart kwa modeli za 1978 hata 1983, yenye injini ya lita 3.0 na silinda 6, iliyo nyuma ya gari na kupozwa kwa hewa. Gari hili si geni Afrika Mashariki, kwani katika Safari Rally ya 1978 Vic Preston Jr. alishika nafasi ya pili akiwa ndani ya 911 SC. Mfumo wa petroli wa zile zilizouzwa kwa watu wa kawaida ni K-Jetronic wa kampuni ya Bosch, ambao Porsche ilianza kuutia katika 911 T za Marekani mwaka 1973, na ambao uliingia pia katika Volkswagen Golf GTI, Volvo 240, Ferrari 308 GTBi na DeLorean. Basi mengi yatakayosemwa hapa yatawafaa na wenye magari hayo.

Katika sura yake ya asili K-Jetronic haina kompyuta. Pampu ya umeme, iliyo mbele karibu na tangi, huisukuma petroli hadi nyuma, ikapita katika kihifadhi shinikizo na filta, ikafika kwenye kigawa mafuta kwa shinikizo la bar 5 hivi. Hewa inayovutwa na injini huinua sahani ya hewa. Sahani hukinyanyua kijiti kilichomo ndani ya kigawa mafuta. Na kijiti hufunua nyufa nyembamba sita, moja kwa kila silinda, hata kadiri hewa inavyozidi ndivyo petroli nayo inavyozidi. Nozeli ni vali za springi tu: shinikizo likifika bar 3 na kitu hufunguka, likishuka chini ya hapo hufunga, na wakati wote injini inapozunguka humwaga petroli mfululizo bila ya kungoja zamu. Juu ya kile kijiti hukaa shinikizo jingine, la udhibiti, ambalo kidhibiti chenye utepe wa metali mbili hulishusha injini ikiwa baridi ili petroli iwe nyingi, na hulipandisha injini ikipata moto ili petroli ipungue.

Ubunifu huu ni wa kupendeza, na uthabiti wake umethibitika kwa miaka, kwani Porsche yenyewe iliendelea kuutumia katika 911 Turbo hata miaka ya 1990. Lakini una sharti moja lisilosameheka. Mfumo wa umeme ukizimwa, kompyuta yake itakapowashwa tena itapima joto, itakisia, itarekebisha. K-Jetronic ikizimwa haina kumbukumbu yoyote ila shinikizo lililosalia ndani ya mabomba yake. Shinikizo hilo likitoroka, injini huamka haijui lolote.

Yanayotokea katika nusu saa

Ili kasoro ifahamike, ni lazima ifuatwe dakika kwa dakika. Gari linapokwenda, feni kubwa ya 911 huvuma juu ya silinda, na petroli mpya kutoka tangini hupita mfululizo katika mabomba, nyingine ikirudi tangini, hata mabomba hayapati wasaa wa kupata moto. Gari likizimwa, feni husimama papo hapo, kwa kuwa huzungushwa na mkanda wa injini. Petroli nayo husimama. Ilhali silinda, ekzosi na oili bado vina moto mkali usio na pa kwenda ila juu, kwenye manifoldi, nozeli na kigawa mafuta. Joto chini ya boneti kwa hiyo halipungui mara moja, bali hupanda kwanza, na kilele chake hufika yapata dakika 20 hadi 30 baadaye, kisha ndipo hushuka polepole.

Sasa petroli si kitu kimoja kinachochemka kwa digrii moja, bali ni mchanganyiko wa vingi, na vile vyepesi huanza kuwa mvuke mapema. Petroli ya kiangazi ya Ulaya, ambayo kanuni huizuia isizidi shinikizo la mvuke la kilopaskali 60 katika digrii 37.8, itaanza kuchemka katika hewa ya wazi ikifika digrii 50 na kitu tu, joto ambalo nozeli ya injini iliyozimwa hulifikia bila ya taabu. Lakini petroli hiyo hiyo ikibanwa kwa bar 2 juu ya shinikizo la hewa, haichemki ila ikaribie digrii 90. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha suala zima, na ndiyo sababu wahandisi walikusudia mabomba yabaki yamebanwa baada ya gari kuzimwa. Bomba lililojaa petroli iliyobanwa hungoja hata saa nzima likiwa tayari. Bomba lililopoteza shinikizo hujaa mvuke, na mvuke haumwagwi na nozeli kwa kipimo, bali husinyaa na kutanuka huku stata ikizunguka bure.

Mtu atauliza kwa nini basi gari huwaka likipoa, ilhali shinikizo bado halipo. Jawabu ni kwamba mvuke umekwisha kurudi kuwa petroli, na zaidi ya hayo injini baridi ina msaidizi, yaani nozeli ya baridi, ambayo hunyunyiza petroli ya ziada ndani ya sanduku la hewa kwa sekunde chache stata inapopigwa. Nozeli hiyo huongozwa na swichi ya joto na muda, ambayo huikata injini ikipata moto. Hivyo injini ya moto ndiyo pekee isiyo na wa kuisaidia.

Kutokana na hayo saa ya mkononi huwa chombo cha kwanza cha uchunguzi. Gari linalowaka vizuri likiwashwa baada ya dakika mbili, likagoma baada ya dakika 30, kisha likawaka baada ya saa nne, linafuata mwendo wa joto chini ya boneti na linaelekeza kidole kwenye mvuke. Gari linalogoma hata baada ya dakika mbili, au linalozima lenyewe barabarani, lina neno jingine.

Kauli ya kwanza: petroli ndiyo mkosa

Wenye kauli hii wana hoja za haki. Petroli ya leo haifanani na ile iliyokuwa mbele ya wahandisi wa miaka ya 1970. Ujerumani ilianza kuuza petroli yenye ethanoli hadi asilimia 10 mwaka 2011, na Uingereza ikaifanya kuwa petroli ya kawaida mwaka 2021; na ethanoli ikichanganywa kwa kiasi hicho huongeza shinikizo la mvuke, yaani huifanya petroli iwe nyepesi zaidi kuchemka. Katika nchi za majira ya baridi, petroli ya kipupwe hutengenezwa iwe nyepesi kwa makusudi, na siku ya jua ya ghafla mwezi wa Aprili hulikuta gari likiwa na tangi lililojaa petroli isiyo ya siku ile. Vilevile urefu wa nchi una athari: katika mji kama Nairobi, ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na petroli iliyo wazi huchemka digrii kadhaa kabla ya ile ya Mombasa.

Udhaifu wa kauli hii ni kwamba yote hayo yanahusu petroli iliyo wazi, ambayo haikubanwa. Bar moja ya hewa ikipungua kwa sehemu ya tano kule Nairobi, hasara ni kubwa kwa bomba lililokwisha kupoteza shinikizo. Lakini kwa bomba ambalo springi bado imelibana kwa bar 2 juu ya hewa iliyopo, hasara hiyo ni ndogo. Kadhalika kwa ethanoli. Petroli nyepesi basi huifichua kasoro mapema kuliko petroli ya zamani, na huweza kuligeuza gari lililokuwa likisitasita kuwa gari linalogoma, ila si yenye kuileta kasoro tangu mwanzo. Ushahidi ulio wazi ni kuwa yapo magari ya namna hii yanayokunywa petroli hiyo hiyo, katika jua hilo hilo, na huwaka.

Mahali pamoja wenye kauli hii hustahiki kusikilizwa zaidi kuliko wanavyodai wenyewe. Ethanoli huvuta maji, nayo si rafiki wa mipira na oringi za zamani ambazo hazikuundwa kwa ajili yake. Na gari linalokaa miezi sita bila ya kuendeshwa, petroli ya namna hiyo ikiwa ndani, huota kutu katika njia nyembamba za kigawa mafuta na kidhibiti. Kwa njia hiyo petroli huliharibu shinikizo kwa kuviharibu vile vinavyolihifadhi, jambo ambalo kubadilisha kituo cha petroli hakutalitengeneza.

Kauli ya pili: shinikizo la mabaki

Hii ndiyo kauli yenye nguvu kuliko zote, na pia ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote, kwa sababu wengi wakiisha kuikubali hukimbilia kununua kifaa cha kwanza wanachotajiwa.

Kwanza lazima ieleweke kuwa shinikizo la mabaki si jambo la kuzidisha tu. Likiwa juu sana, nozeli hazitafunga barabara, petroli itadondoka ndani ya silinda zilizo moto, na injini itakataa kuwaka kwa kuzidiwa na petroli. Likiwa chini sana, petroli itachemka. Uwanja uliopo katikati ni mwembamba: mara tu gari linapozimwa, shinikizo lishuke upesi chini ya lile la kufungulia nozeli, kisha likae, likipungua kwa uvivu, na baada ya dakika 20 liwe bado baina ya bar 1 na 2 hivi. Tarakimu kamili hutofautiana kwa modeli na mwaka, na kitabu cha karakana cha gari husika ndicho hakimu.

Wenye kuutunza uwanja huo ni watano. Wa kwanza ni vali ndogo iliyo kwenye mdomo wa pampu, inayoizuia petroli isirudi tangini. Wa pili ni kihifadhi shinikizo, kopo la chuma lenye kiwambo cha mpira na springi nyuma yake: pampu inapofanya kazi kiwambo husukumwa na springi hujikunja, na pampu ikizimwa springi hukirudisha kiwambo na kuibana petroli iliyosalia. Wa tatu ni rekebisho la shinikizo kuu ndani ya kigawa mafuta, ambalo hutegemea oringi ndogo isiyozidi ukucha. Wa nne ni kile kidhibiti cha joto na njia yake ya kurudishia petroli. Wa tano ni nozeli zenyewe, zile sita pamoja na ile ya baridi. Mmoja wao akivuja inatosha, na katika gari lenye umri wa miaka 40 si ajabu wawili wakavuja pamoja, hapo ndipo mwenye gari hubadilisha kihifadhi shinikizo, akaona nafuu kidogo, akakata tamaa.

Dawa ya shaka hii ni geji. Geji ya K-Jetronic ina mipira miwili: mmoja huungwa kwenye kigawa mafuta, wa pili kwenye kidhibiti, na katikati, upande wa kidhibiti, pana koki ndogo. Injini iendeshwe hata ipate moto, izimwe, na mshale utazamwe koki ikiwa wazi. Utashuka ghafla mara moja, na hilo ni halali, kisha utatulia. Mshale usiotulia bali ukaendelea kuteremka hata sifuri ndani ya dakika moja au mbili umekwisha kutoa hukumu ya kwanza. Jaribio lirudiwe koki ikiwa imefungwa: mshale ukisimama safari hii, uvujaji uko upande wa kidhibiti na njia yake, ukizidi kushuka, wamebaki wengine wanne.

Kihifadhi shinikizo ndicho rahisi kukihoji. Nyuma ya kiwambo, upande wa springi, pana mpira mwembamba unaorudi kuelekea tangini, na upande huo hautakiwi kuwa na petroli hata tone. Mpira ukichomolewa pampu ikiwa inafanya kazi na petroli ikatiririka, kiwambo kimetoboka, wala hakuna haja ya mjadala. Nozeli nazo huchomolewa kutoka kwenye manifoldi zikiwa bado zimeungwa kwenye mabomba yake, pampu ikawashwa kwa kuruka rilei, sahani ya hewa ikaachwa chini. Ncha zikipanguswa kwa kitambaa zikabaki kavu, hazina hatia. Nozeli ya baridi hukaguliwa vivyo hivyo. Zikiwa zote kavu na kiwambo ni kizima, imebaki oringi ya kigawa mafuta, ambayo hujisaliti kwa petroli inayoendelea kutoka katika bomba la kurudishia baada ya pampu kuzimwa. Na bomba hilo likiwa kimya, lawama huiangukia vali ya pampu kwa kuwa hakuna mwingine aliyesalia. Inafaa kusema kwa mkato kuwa yote hayo ni petroli ya bar 5 ikichezewa juu ya injini ya moto, na asiye na kizima moto karibu naye asianze.

Asiye na geji ana jaribio moja la kukisia. Katika 911 nyingi za zama hizo pampu haianzi kwa kufungua ufunguo tu, bali hungoja stata au sahani ya hewa inyanyuke. Kwa hiyo mvuke hausukumwi hata injini ianze kuzunguka. Gari likigoma likiwa moto, pampu ilazimishwe kufanya kazi nusu dakika kwa kuruka rilei, kisha stata ipigwe. Likiwaka upesi kuliko ada, mvuke ndio uliokuwamo. Jaribio hili halimtaji mkosa, wala halisafishi kabisa mabomba membamba yaendayo kwenye nozeli, kwani hayo hayapati petroli mpya ila sahani inyanyuke. Lakini linatosha kuamua kama inafaa kuazima geji.

Kauli ya tatu: mchanganyiko wa petroli na hewa

Baadhi ya mafundi husema kuwa shinikizo ni zima ila kipimo cha petroli na hewa kimepotoka. Wanayo haki katika magari fulani, na tofauti hutambulikana puani. Injini iliyojaa mvuke huzunguka muda mrefu bila ya harufu kubwa, kisha huwaka kwa silinda mbili tatu, ikatetemeka na kukohoa, halafu ikasawazika baada ya sekunde chache. Injini iliyozidiwa na petroli hunuka, plagi zake huwa zimelowa, huwaka upesi zaidi kiongeza mwendo kikikanyagwa hata sakafuni, na hutoa moshi mweusi. Ya pili hiyo huielekeza shaka kwenye nozeli ya baridi inayovuja, au kwenye kidhibiti ambacho hakipati moto ipasavyo na kwa hiyo kinaendelea kuitendea injini ya moto kana kwamba ni baridi.

Kinyume chake ni hewa ya wizi. Hewa yoyote inayoingia bila ya kupita kwenye sahani hainyanyui sahani, na isiponyanyuka hakuna petroli. Na katika 911 hewa hiyo huweza kupenya hata kwenye gaskiti ya kifuniko cha oili, kwa kuwa sanduku la injini limeunganishwa na njia ya hewa. Hata hivyo gari lenye hewa ya wizi aghalabu husumbua pia likiwa baridi na likiwa linatembea, hivyo kauli hii pekee haitoshi kulieleza gari linalogoma baada ya nusu saa tu na kwa saa zote nyingine likawa zima.

Kauli ya nne: umeme

Hapa hapahitaji maneno mengi, kwa sababu umeme hujisema wenyewe. Stata ya 911 imekaa karibu na ekzosi, na stata kongwe ikipata moto huzunguka kwa uzito. Mkanda wa ethi unaounganisha gearbox na bodi ukiwa umeoza, volti hupungua zaidi, na kisanduku cha kuwashia plagi kikakosa nguvu kwa wakati ule ule stata inapokula umeme mwingi. Yeyote aliye na kipimo cha volti atalijua hilo kwa kutazama kama betri imeshuka chini ya volti 10 stata inapozunguka. Kisanduku chenyewe, cha namna ya kapasita, hutoa mlio mwembamba ufunguo unapofunguliwa. Kikinyamaza kikiwa moto kimekiri, nacho kisiguswe ovyo kwani kina mamia ya volti. Katika SC, waya wa kijani utokao kwenye distribyuta umejulikana kuvunjika kifuniko chake kwa joto na umri, na rilei zenye lehemu iliyopasuka ni janga la magari mengi ya Ujerumani ya wakati huo, 944 ikiwa mfano mashuhuri.

Kipimo cha kuitenga kauli hii ni cheche. Plagi moja ichomolewe gari linapogoma, iwekwe kwenye chuma cha injini mbali na petroli yoyote, stata ipigwe. Cheche ikiwapo na stata ikizunguka kwa kasi ya kawaida, umeme umetakasika, na fundi arudi kwenye petroli. Ni ajabu jinsi jaribio hili la dakika tano linavyorukwa na watu walio tayari kununua pampu.

Njia za mkato

Baina ya kutafuta sababu na kuiacha zimo njia mbili ambazo watu huzisifu. Ya kwanza ni kutia kitufe ndani ya gari kinachoiamsha nozeli ya baridi hata injini ikiwa moto, ili petroli ya ziada izibe pengo la mvuke. Katika baadhi ya magari mengine yenye K-Jetronic kazi ya namna hii ilifanywa na watengenezaji wenyewe kwa rilei iliyopimwa, hivyo wazo si la kipuuzi, na kitufe kwa kweli huliwasha gari. Taabu ya 911 ni kuwa nozeli ya baridi hunyunyiza ndani ya sanduku la hewa la plastiki, na mtu mwenye haraka haoni amebonyeza kwa muda gani. Petroli ikizidi na mlipuko ukarudi nyuma, sanduku hupasuka, na kulibadilisha ni kazi ambayo aghalabu hudai injini ishushwe. Wamiliki wengi wamebandika vali ya kutolea mlipuko juu ya sanduku hilo kwa hofu hiyo hiyo. Anayeongeza kitufe bila ya kutia vali hiyo amebadilisha usumbufu kwa hatari.

Njia ya pili ni kung'oa mfumo wote, ama kwa kabureta ama kwa sindano za umeme zenye kompyuta. Kabureta haziondoi mvuke hata kidogo, kwani petroli ya bakuli lake iko wazi kwa hewa na huchemka mapema kuliko yote. Anayezichagua azichague kwa sauti na sura yake, si kwa ajili ya kuwaka likiwa moto. Sindano za umeme ni jambo jingine: reli yake hubaki imebanwa, pampu hutangulia kufanya kazi ufunguo unapofunguliwa, petroli huzunguka na kuondoa mvuke, na kompyuta hujua joto la injini. Kwa uaminifu wa kuwaka hazina mpinzani. Gharama yake ni kubwa kuliko vile vifaa vitano vikiwekwa pamoja, hudai mtu wa kuzipangia, na huliondolea gari uasili wake, jambo ambalo soko la magari ya kale hulipima kwa ukali.

Mizani

Kauli hizi zikiwekwa pamoja haziwi sawa uzito. Umeme huthibitika au kutakasika kwa dakika chache, kwa hiyo huja mwanzo kwa sababu ya urahisi wala si kwa sababu ya wingi wa hatia yake. Mchanganyiko huja pua na moshi vikiusema. Petroli ni msaidizi wa kasoro, na mwenye kuilaumu pekee atabadilisha vituo mwaka mzima. Shinikizo la mabaki ndilo linalolingana na saa ya kasoro dakika kwa dakika, na ndilo ambalo geji moja hulitoa katika dhana na kulitia katika yakini.

Kwa upande wa fedha, vali ya pampu na oringi ni vitu vya bei nafuu, kihifadhi shinikizo ni cha wastani, na kutengeneza kidhibiti au kigawa mafuta ndiko kunakouma. Ndiyo maana kubadilisha kwa kubahatisha huweza kuwa ghali kuliko kununua geji na kuitumia. Pale ambapo kijiti cha kigawa mafuta kimekwama kwa kutu, njia za ndani zimeliwa, na kidhibiti nacho hakirekebishiki, hesabu hubadilika, na sindano za umeme huwa shauri la busara hata kwa mtu anayeheshimu uasili, ilimradi vilivyong'olewa vihifadhiwe sandukuni pamoja na gari.

Na baada ya matengenezo yoyote jaribio lirudiwe kwa namna ile ile: mwendo wa kuipa injini moto kamili, gari lizimwe boneti ikiwa imefungwa, geji isomwe dakika ya 10 na ya 20, na tarakimu hizo ziandikwe katika daftari la gari pamoja na tarehe, ili mwaka unaofuata fundi awe na cha kulinganisha nacho kabla ya gari kuanza kugoma tena.